Shamba la Marehemu na Dawati la Binti: Kisa cha Urithi Rwanda Baada ya 1994

Tuanze na watu wenyewe. Binti wa miaka 16 anaishi katika vilima vya Butare, kusini mwa Rwanda, mwishoni mwa 1994. Wazazi wake waliuawa mwezi Aprili, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipofika mkoa huo kwa kuchelewa kidogo kuliko kwingine. Amebaki na wadogo wawili, wa kiume miaka 9 na wa kike miaka 6. Nyumba haina mabati wala milango. Kilichosalia ni shamba la nusu hekta hivi: migomba, maharage, viazi vitamu, na mibuni michache pembeni. Jirani yao, binti wa rika lake, bado ana mama, lakini baba yake yuko gereza la Karubanda akituhumiwa kushiriki mauaji. Miezi michache baadaye anafika baba mdogo wa yatima hawa watatu kutoka Burundi, alikokimbilia na wazazi wake akiwa mtoto baada ya mauaji ya Watutsi ya 1963. Ana mke na watoto wanne, na hana pa kulima.

Huyu binti si mtu mmoja ninayemfahamu. Nimemuunganisha kutokana na hali zilizokuwa za kawaida mno Rwanda miaka ile, na sikumpa jina kwa makusudi. Sheria, tarehe na taasisi zinazomzunguka ndizo za kweli. Maswali ya kisa hiki yanaonekana kuwa mawili, nami naona ni moja: shamba ni la nani, na ni nani kati ya watoto hawa watatu atakayekaa darasani?

Kwa mila, jibu la kwanza halina utata. Ardhi ni ya ukoo wa baba. Kijana wa kiume akifikia kuoa, baba yake humkatia kipande chake, kiitwacho umunani, naye hujenga hapo. Binti huolewa, akalime kwa mumewe. Hadi 1999 Rwanda haikuwa na sheria ya mirathi iliyoandikwa. Kanuni za familia zilishughulikia ndoa na malezi, urithi ukaachiwa mila.

Wengi wanaoandika kuhusu Rwanda hupenda kusema kwamba mwanamke hakuwa na chochote. Si kweli, na usemi huo unaficha jambo kubwa zaidi. Binti aliyeolewa alipompeleka mtoto wake mchanga kwa babu yake aliweza kupewa kipande, inkuri. Baba mzee aliweza kumkumbuka binti yake kwa urwibutso. Aliyeachika na kurudi nyumbani aliweza kukatiwa ingarigari katika ardhi ya ukoo. Milango ilikuwapo, ila kila mmoja ulishikwa na mwanamume aliye hai na mwenye moyo wa kutoa. Mfumo mzima ulikuwa umejengwa juu ya imani kwamba binti atakuwa na baba. Akikosa baba ana kaka. Akikosa kaka wapo baba wadogo. Na akiachika, kwao kutakuwapo. Mwaka 1994 uliiondoa imani hiyo, kilima baada ya kilima.

Kwa mila hiyo, katika kisa chetu mrithi yupo. Ni mvulana wa miaka 9. Dada yake mkubwa ni mlinzi wa mali ya mdogo wake: analima, anapika, anawaogesha, analala macho. Zikipatikana fedha za kumsomesha mtoto mmoja, atampeleka yupi? Mvulana. Na atafanya hivyo bila chuki yoyote kwa wasichana, wala kwa ujinga. Mvulana ndiye atakayebaki na shamba, ndiye atakayeoa na kuurudisha mji wa baba, na dada zake wakiachika watarudi kwake. Kumsomesha yeye ni kuwawekea akiba wote watatu. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoieleza elimu ya msichana kana kwamba ni suala la mwamko tu, lililohitaji mabango na semina. Dada huyu hakuhitaji kuhamasishwa. Alipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi kwa kanuni zilizokuwapo. Ili jibu libadilike, ilibidi kanuni zibadilike.

Shule zenyewe zilikuwa katika hali gani? Za msingi zilianza kufunguliwa Septemba 1994, nyingine ndani ya majengo yaliyokuwa yameuliwa watu. Walimu wengi walikuwa wamekufa, wengine ukimbizini, wengine kizuizini. UNICEF na UNESCO walileta masanduku ya chaki, madaftari na vitabu vya mwongozo, yaliyomwezesha hata mtu asiye mwalimu kuanza kufundisha. Kizazi cha wazazi wake kilikuwa kimezuiwa mlango wa sekondari na utaratibu wa iringaniza, uliogawa nafasi kwa kabila na mkoa, Mtutsi akipimiwa sehemu ndogo. Aliyeuvunja utaratibu huo alikuwa mwanamke na mwalimu wa kemia, mzaliwa wa Butare hiyohiyo: Agathe Uwilingiyimana, waziri wa elimu tangu 1992, aliyeamua kwamba nafasi zitolewe kwa alama za mtihani. Alichukiwa kwa hilo. Alipouawa tarehe 7 Aprili 1994 alikuwa waziri mkuu. Kwa hiyo binti wetu, tofauti na mama yake, hakuwa tena na kikwazo cha kabila kwenye karatasi. Alikuwa na kikwazo cha jembe.

Sasa baba mdogo. Ni rahisi kumfanya mhalifu wa kisa, na maandishi mengi ya misaada ya miaka ile yalifanya hivyo: mjomba au ami mwenye tamaa anayewapora yatima. Walikuwapo wa aina hiyo. Lakini huyu wetu ana haki yake ya namna fulani. Ardhi ilikuwa ya babu, na yeye ni mtoto wa babu. Alifukuzwa akiwa mdogo, amekulia ugenini. Itifaki ya Arusha ya Juni 1993 kuhusu wakimbizi, sehemu ya makubaliano ya amani kati ya serikali na waasi wa RPF, ilishauri kwamba waliokuwa nje kwa zaidi ya miaka 10 wasidai mali zinazokaliwa na wengine, na serikali iwatafutie mahali pengine. Ndivyo ilivyojaribiwa: upande wa mashariki mashamba yaligawanywa nusu kwa nusu kati ya waliokuwapo na waliorudi, na mwaka 1997 sehemu kubwa ya Hifadhi ya Akagera iliondolewa katika uhifadhi ili watu wapate pa kukaa. Nchi yenyewe ina kilomita za mraba 26,338 tu. Katika kilima cha Butare hakuna pori la kugawa. Kuna nusu hekta ya marehemu, na watoto watatu juu yake.

Kwa mila, baba mdogo akikaa pale anakuwa mlezi wa watoto, na hilo lina faida: mwanamume nyumbani, usalama usiku, mikono ya kulima. Lina hasara pia, kwa maana akishapanda migomba yake mwenyewe, miaka 10 ikipita, nani atamtoa?

Kaya za namna hii, zinazoongozwa na mtoto, zilikuwa makumi ya maelfu miaka hiyo, na nyingi zilishikwa na wasichana. Kuna takwimu inayorudiwarudiwa kwamba wanawake walikuwa asilimia 70 ya Wanyarwanda wote baada ya mauaji. Ilielezea miezi ile ya mwanzo, wanaume wengi wakiwa wamekufa, wamekimbia au wamefungwa, lakini imeendelea kunakiliwa kana kwamba ni ya kudumu. Sensa ya 2002 iliwakuta wanawake asilimia 52 hivi. Pengo halisi lilikuwa kwa watu wazima: takriban theluthi ya kaya zilikuwa chini ya mwanamke. Theluthi yatosha. Nchi ambayo kaya moja kati ya tatu inalimwa na mtu asiyetambuliwa kuwa na haki ya kile anacholima haiwezi kusubiri mila ijirekebishe yenyewe.

Ndiyo maana sheria ya urithi ilikuja haraka. Wizara iliyoshughulikia familia na wanawake ilikuwa chini ya Aloisea Inyumba kuanzia 1994 hadi 1999, mwanamke ambaye pia alisukuma mpango wa kila yatima kupata familia ya kumlea. Nje ya serikali kulikuwa na Haguruka, shirika la msaada wa kisheria lililoanza 1991, na Pro-Femmes/Twese Hamwe, mwavuli wa vyama vya wanawake ulioundwa 1992. Ndani ya bunge la mpito, wabunge wanawake waliunda jukwaa lao mwaka 1996, wakivuka vyama. Upinzani haukukosekana. Hoja iliyosikika zaidi ni kwamba binti atarithi mara mbili, kwa baba na kwa mume, na kwamba vipande vya ardhi vitazidi kumegeka. Walioitetea sheria walikuwa na jibu ambalo miaka mitano nyuma lisingekuwa na nguvu: nendeni vilimani mkaangalie ni nani amebaki. Ninaamini, ingawa wengine watapinga, kwamba sheria hii ilipita kwa nguvu ya hesabu kuliko kwa nguvu ya wazo la usawa.

Sheria Na. 22/99 ya tarehe 12 Novemba 1999 ilisema watoto halali wa marehemu hurithi sehemu sawa, bila kubagua wa kike na wa kiume, na kwamba umunani nao ni haki ya wote. Ng'ambo ya mpaka, Kagera, jambo hilohilo lilifika kwa njia ya mahakama: mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama mwanamume anavyoweza. Tanzania ilipata hukumu. Rwanda ilipata sheria ya nchi nzima.

Tuiweke juu ya kisa chetu, tuone inavyokaa. Binti sasa ana miaka 21.

Kwanza, neno "halali". Wazazi wake walifunga ndoa kanisani na kimila. Je, waliandikisha kwa serikali? Kumbukumbu za ofisi nyingi za komuni, serikali za mitaa za wakati ule, zilipotea. Pili, baba alikufa 1994 na sheria ni ya 1999, hivyo mwenye kutaka kubishana ana pa kushika. Tatu, sheria ya urithi haikutamka wazi mambo yote ya ardhi. Ilibidi kungoja sheria ya ardhi ya 2005 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika kumiliki. Hayo yote mwanasheria wa Haguruka angeweza kuyapigania. La nne hakuna mwanasheria anayeliweza: kumshtaki baba mdogo ni kumshtaki mtu ambaye kesho ndiye atakayekaa na wazee wa upande wa pili kupokea mahari yake. Binti asiye na wazazi akimpoteza baba mdogo, ataolewa akitokea mlango gani? Wengi walichagua kunyamaza, na sioni kwamba walikosa akili.

Hata hivyo sheria ilifanya kazi bila kesi. Baba mdogo alijua ipo. Viongozi wa kilima walijua, na katika mabaraza ya wanawake yaliyoanzishwa ngazi ya chini kabisa ilizungumzwa. Katika kisa chetu baba mdogo anajenga pembeni, analima theluthi ya shamba, hathubutu kuchukua lote. Haki isiyodaiwa mahakamani bado ilibadilisha ukubwa wa kipande ambacho mtu aliona aibu kukigusa.

Na shule? Mwaka 1998 serikali iliunda FARG, mfuko wa kuwasaidia manusura wahitaji, uliolipa ada za wanafunzi wengi. Mvulana alisoma kwa mfuko huo. Dada mkubwa angestahili pia. Lakini mfuko ulilipa ada. Haukumlipa mtu wa kulima badala yake. Mwenye miaka 20 akirudi kukaa darasa moja na watoto wa miaka 13 anajua watamwita nini. Hakurudi. Jirani yake, binti wa mfungwa, alibanwa na shida ya aina nyingine: mfuko haukumhusu, na magereza yaliyokuwa na watu zaidi ya 120,000 yalitegemea familia kuleta chakula. Mama alibeba chakula kwenda Karubanda, binti akabaki na kazi za nyumbani. Zaidi ya hapo, mumewe akiwa hai, mama huyo hakuwa mjane, na shamba halikuwa mirathi. Alilima ardhi ya mtu aliyeko gerezani, bila ruhusa ya kuiuza wala kuitolea dhamana, hadi mahakama za gacaca, za wananchi vilimani zilizosikiliza kesi za mauaji yale, zilipofikia faili la mume. Mabinti hawa wawili, mmoja kwa baba aliyeuawa na mwingine kwa baba anayetuhumiwa kuua, waliacha masomo kwa sababu moja: mikono yao ilihitajika. Sijasoma maandishi mengi yanayowaweka kwenye sentensi moja. Ni vigumu, na sishangai.

Aliyevuka ni mdogo wa kike. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa 2003 alikuwa na miaka 15, umri ambao wakati ule haukushangaza mtu darasa la tano au la sita. Akaingia sekondari. Akiwa bado huko, serikali ikaamua mwishoni mwa 2008 kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, akaanza upya kuelewa hesabu ambazo tayari alikuwa anazijua. Alimaliza. Kwa hiyo ukisema "wasichana wa Rwanda walipata elimu", katika nyumba hii ni kweli kwa mmoja, na aliyelipia ni yule mwingine.

Kuanzia 2009 hadi 2013 hivi, nchi nzima ilipimwa na kuandikishwa, zaidi ya vipande milioni 10. Wapimaji, wengi wao vijana wa vijiji hivyohivyo, walitembea na picha za angani wakiuliza mbele ya majirani: hapa ni kwa nani? Utafiti wa Benki ya Dunia juu ya maeneo ya majaribio ulikuta kaya zinazoongozwa na wanawake ziliongeza sana kazi ya kuhifadhi udongo baada ya kuandikishwa. Inaeleweka, maana hakuna anayechimba matuta kwenye ardhi anayoweza kunyang'anywa kesho. Utafiti huohuo ulikuta wanawake waliokuwa na cheti cha ndoa wamenufaika, na wasio nacho wamesukumwa pembeni. Katiba ya 2003 inatambua ndoa ya kiserikali peke yake, na maelfu ya wanawake walikuwa wakiishi na waume bila cheti, kwa kukosa mahari, kwa kukosa nafasi, au kwa sababu mume alikuwa na mke mwingine. Viongozi wa tarafa wakaanza kufungisha ndoa kwa makundi.

Kwenye shamba letu yaliandikwa majina matatu ya ndugu, theluthi kwa theluthi. Ushindi, bila shaka. Kisha matatizo mawili yakaja ambayo watunga sheria hawakuyaweka meza moja. La kwanza: sheria ya ardhi ya 2005, na ile ya 2013 baada yake, zilikataza kugawanya shamba la hekta moja au pungufu. Nusu hekta haikugawanyika. Ndugu watatu walikuwa sawa mbele ya kitu ambacho hawakuruhusiwa kukikata, na aliyekaa juu yake ndiye aliyekitumia. La pili: mvulana ameoa, kwa cheti, kwa mfumo wa mali ya pamoja. Wifi ana haki katika kila kilicho cha mumewe, na kwake itakuwa heri kama shamba lote litahesabiwa la mumewe. Sheria ileile iliyomlinda mke imemfanya awe mshindani wa dada wa mume. Katika vilima vya Rwanda leo ugomvi wa ardhi si mara zote kati ya mwanamke na mwanamume; mara nyingi ni wifi na wifi, kila mmoja na karatasi ya halali mkononi.

Hapo ndipo elimu inaporudi, kwa sura ambayo sikuitarajia nilipoanza kuifuatilia mada hii. Familia nyingi zimepata njia ya kumnyima binti ardhi bila kuonekana zinavunja sheria: sisi tulikusomesha, hiyo ndiyo sehemu yako. Ada ya shule inageuka umunani wake. Kaka hakusoma sana, apewe shamba. Dada ana cheti, akatafute kazi. Hoja ina mvuto, hasa ardhi ilivyo ndogo. Lakini haitolewi kwa mtoto wa kiume aliyesoma. Sijaona ikitumika kumwambia mwanamume mwenye shahada kwamba amekwisha kula urithi wake. Na sheria ya urithi ya 2016 ililegeza mambo zaidi: usawa wa kurithi ulibaki, ila umunani ukawa hiari ya mzazi, si haki ya kudai. Mzazi aliye hai akaweza kuchagua.

Bungeni, wakati huo wote, wanawake walikuwa wakiongezeka. Katiba ya 2003 iliwatengea viti 24 kati ya 80. Uchaguzi wa 2008 ukatoa wabunge wanawake 45, wingi wa kwanza duniani, na wa 2024 ukatoa 51. Husifiwa, na wanastahili, hasa kwa sheria ya 2008 dhidi ya ukatili wa kijinsia iliyoanzia kwao wenyewe. Lakini bunge hilohilo lenye wanawake wengi ndilo lililopitisha sheria ya kazi ya 2009 iliyobakiza mshahara kamili wa uzazi kwa wiki 6 tu, hadi bima ya uzazi ilipokuja 2016. Idadi ya viti haimtabirii mtu mambo yake ya nyumbani.

Turudi kilimani, tumalizie kesi. Mdogo wa kike anaishi Kigali na mwanamume bila cheti, kwa hiyo kwa huyo hana cha kudai, na theluthi ya baba ndiyo kinga yake ya pekee. Anataka fedha. Dada mkubwa aliolewa akiwa amechelewa, mume akafariki, naye amerudi nyumbani anataka kulima. Kaka na mkewe wapo kwenye shamba. Kwa sheria ile ya 2013 haligawanyiki, hivyo mmoja lazima awafidie wengine. Suala limefika kwa abunzi, wapatanishi wa ngazi ya chini, ambao baadhi yao ni wanawake kwa matakwa ya sheria. Hakuna anayepinga theluthi. Wanabishania bei. Kaka anataka katika sehemu ya mdogo wao wa kike zikatwe fedha zake za sekondari, alizozilipa yeye. Dada mkubwa anasema kama shule inahesabiwa, basi ihesabiwe na ya kaka, pamoja na miaka yote ambayo yeye alishika jembe peke yake ili wale wengine wawili washike kalamu.